Chakula Kikiwa Tumboni Bado Kiko Nje

Mkoa wa Rukwa haujulikani kwa njaa. Mahindi ya uwanda wa Ufipa hupakiwa Sumbawanga kwenda kulisha mikoa mingine, maharage na ulezi vipo, na anayeteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, kule bondeni, anakuta mpunga, ufuta na samaki wa Ziwa Rukwa. Pamoja na neema yote hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Asilimia yenyewe ilikuwa 49.8, na ni mikoa michache mno ya Tanzania iliyoizidi.

Inawezekanaje chakula kiwe ghalani na mtoto asikue?

Sababu ni nyingi. Zipo za mlo wa aina moja, za mama kuelemewa na kazi za shamba, za mtoto kuachishwa ziwa mapema. Lakini ipo moja inayomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma biolojia, na mazungumzo haya yamekusudiwa yeye pamoja na mzazi wake. Darasani anafundishwa lishe na mmeng'enyo wa chakula kama mada moja, kisha usafirishaji wa vitu mwilini kama mada nyingine. Anachora tumbo na utumbo katika ukurasa huu, moyo na mishipa katika ukurasa ule, na mtihani unamuuliza mambo hayo kila moja kwa namba yake. Mwilini hakuna ukurasa wa kufunua. Utumbo na damu vinafanya kazi moja, na vinakutana mahali pamoja ambapo mwanafunzi akipaelewa, yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Kwanza aelewe jambo ambalo watu wazima wengi hawajawahi kuliwaza: chakula kilichomezwa bado hakijaingia mwilini. Njia ya chakula ni mrija mmoja mrefu, unaoanzia mdomoni na kuishia kwenye tundu la haja kubwa, uwazi wake ukipita katikati ya kiwiliwili chote. Mtoto akimeza ushanga, ushanga huo utapita kwenye koo, tumbo na utumbo wote, na baada ya siku moja au mbili utatoka kama ulivyoingia. Haukuwahi kuwa sehemu ya mwili wake. Wali ulio tumboni nao uko katika hali ileile. Ili uwe wa mlaji, lazima uvuke ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Safari ya kuufikia ukuta huo ni ya kuvunjavunja tu. Tuchukue sahani ya wali kwa kambale, chakula cha kawaida Muze. Meno yanasaga, mate yanalainisha, na ndani ya mate kuna kimeng'enya cha kwanza, kile kinachovunja wanga na kuugeuza sukari. Hili halihitaji maabara. Mwanafunzi atafune tonge la ugali mkavu, asilimeze, aendelee kulitafuna kwa dakika mbili tatu. Litaanza kuwa tamu mdomoni, na utamu huo haukuwamo kwenye unga. Umetengenezwa na mate yake mwenyewe.

Kutoka mdomoni tonge linaingia kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita zipatazo 25. Haliporomoki kwa uzito wake. Misuli inajibana nyuma ya tonge na kulisukuma mbele, ndiyo maana mtu aliyelala chali anaweza kumeza. Tumboni linakutana na asidi kali ya kutosha kuua vijidudu vingi vilivyoandamana na chakula, na kimeng'enya kinachoanza kuivunja protini ya yule kambale.

Watu walikuja kuyajua ya tumboni kwa njia ya ajabu. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya ubavuni. Alipona, lakini tundu lililofika tumboni halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, alifunga vipande vya nyama na mboga kwa uzi wa hariri, akavishusha kupitia tundu hilo, akavivuta nje baada ya saa kadhaa kuvitazama. Mwaka 1833 alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba tumbo halisagi tu. Lina maji yake yanayoyeyusha nyama hata yakitiwa ndani ya chupa. Elimu hiyo ilipatikana kwa mateso ya maskini ambaye hakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa, na mwalimu anayeifundisha hana budi kulitaja hilo pia.

Baada ya tumbo ndipo penye kazi kubwa. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi. Mwanzoni mwake yanamwagika maji ya aina mbili: nyongo, inayotengenezwa na ini na kuhifadhiwa kwenye kifuko chake, kazi yake kuyagawanya mafuta kuwa matone madogomadogo, na maji ya kongosho, yenye vimeng'enya vya kumalizia wanga, protini na mafuta. Hapo wali si wali tena. Ni glukosi. Kambale ni asidi amino. Vyote vimekuwa vidogo kiasi cha kuweza kupita ukutani.

Ukuta wenyewe ni bora uonekane kwa macho, na nafasi hiyo ipo kila mbuzi anapochinjwa. Mchinjaji akishapasua tumbo na kuvuta utumbo nje, utumbo hauji peke yake. Unakuja umeshikiliwa na utandu mwembamba wenye mafuta, na mtu akiuinua utandu huo kuelekea jua ataona mishipa ya damu imetapakaa humo, midogo karibu na utumbo, ikiungana na kuwa minene zaidi kadiri inavyosogea mbali nao. Akiifuata kwa kidole haimpeleki moyoni. Inampeleka kwenye ini. Kisha akate kipande cha utumbo mwembamba, akisafishe kwa maji, akigeuze ndani nje na kukipapasa taratibu. Upande wa nje ni laini na unateleza. Wa ndani una manyoyamanyoya. Yale ni vijitokeo visivyofika milimita moja kwa urefu, vimesongamana kwa mamilioni. Kila kimoja kimefunikwa na safu moja tu ya seli, na chini ya safu hiyo kuna mishipa midogo kabisa ya damu iitwayo kapilari. Mwalimu wa shule isiyo na maabara anayewapeleka wanafunzi wake machinjioni asubuhi moja atakuwa amewafundisha zaidi ya chati yoyote ya ukutani.

Vijitokeo hivyo ndivyo vinavyoupa utumbo eneo kubwa la kufyonza. Vitabu vingi vilisema eneo hilo linalingana na uwanja wa tenisi, hadi mwaka 2014 watafiti wa Sweden walipopima upya na kupata takribani mita za mraba 30. Ni chumba cha mita sita kwa tano, kimekunjwa ndani ya tumbo la mtu mmoja. Seli zinazokifunika zinakufa na kubadilishwa mpya kila baada ya siku tatu hadi tano, maana kazi yake ni ngumu na jirani zake ni wakali.

Glukosi na asidi amino zikivuka safu hiyo zinaingia kwenye kapilari, na kuanzia hapo mada ya pili ya darasani imeshaanza bila kengele kugongwa. Damu yenye shehena hiyo inakwenda kwanza kwenye ini, kwa mshipa ulio wake peke yake. Sehemu nyingine nyingi za mwili hurudisha damu moja kwa moja moyoni; utumbo hauruhusiwi. Ini linakagua: sukari iliyozidi linaiweka akiba, sumu linaivunja, na pombe ya kienyeji inayonywewa jioni inapita hapo kabla ya kufika kwingineko, jambo linaloeleza kwa nini mlevi wa miaka mingi huharibikiwa ini. Mafuta yana njia nyingine. Mafuta ya ufuta au ya karanga, yakishavuka ukuta, huingia kwenye mirija ya limfu, yakapanda hadi karibu na shingo na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu, bila kupitia ini kwanza.

Galeni, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alijua kwamba njia ya chakula inaelekea kwenye ini, na hapo alikuwa sahihi. Alikosea hatua iliyofuata. Alifundisha kwamba ini huchukua chakula na kukigeuza damu, damu hiyo ikaenda mwilini, ikatumika, ikaisha, na kesho yake ini likatengeneza nyingine. Alidai pia kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine kupitia vitundu vilivyo katika ukuta wa katikati. Watu walimwamini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wa kwanza kujulikana kuandika kwamba vitundu hivyo havipo alikuwa Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 13. Alisema damu haina budi kutoka upande wa kulia wa moyo, ipite kwenye mapafu, ndipo irudi upande wa kushoto.

Mwingereza William Harvey ndiye aliyemaliza ubishi, mwaka 1628, tena kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa Muze anaweza kuirudia. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika moja. Tuseme ni 70. Kila pigo moyo wa mtu mzima unasukuma mililita zipatazo 70 za damu. Zidisha: ni karibu lita tano kwa dakika, karibu lita 300 kwa saa, uzito unaozidi magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia. Hakuna mtu anayekula magunia matatu kwa saa, kwa hiyo damu haiwezi kuwa inatengenezwa upya kutoka kwenye chakula kila mara. Lazima ni ileile inayozunguka. Na kweli mtu mzima ana lita tano tu hivi za damu, maana yake akiwa ametulia damu yake yote inazunguka kwa takribani dakika moja.

Mzunguko wenyewe ni wa mizunguko miwili. Upande wa kulia wa moyo unapokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Upande wa kushoto unaipokea ikitoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima kwa mshipa mkubwa wa aota, ndiyo maana ukuta wa chemba ya chini kushoto ni mnene kuliko nyingine. Vali zilizo kati ya chemba zinazuia damu isirudi nyuma, na sauti mbili anazozisikia daktari kwenye kipimo chake ni za vali zikijifunga. Ndani ya damu, chembe nyekundu hubeba oksijeni na kuishi siku zipatazo 120. Nyeupe hupigana na vijidudu. Chembe sahani huzuia kidonda kisiendelee kuvuja. Umajimaji unaobaki ndio unaobeba ile glukosi ya wali.

Harvey alikosa kitu kimoja. Hakuweza kuonyesha damu inatokaje kwenye mishipa inayotoka moyoni na kuingia katika ile inayorudi. Alikuwa amekwisha kufa wakati Mwitaliano Marcello Malpighi alipotazama pafu la chura kwa hadubini mwaka 1661 na kuziona kapilari.

Sasa turudi bondeni. Kata zinazozunguka Ziwa Rukwa, Muze ikiwa miongoni mwao, zimewahi kupigwa na kipindupindu, ugonjwa uliotangazwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Wanaoishi huko hawahitaji kusimuliwa: mtu anaamka mzima, mchana anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na asipohudumiwa jioni anaweza kuwa amefariki. Kinachomuua si tumbo. Kinachomuua ni damu.

Bakteria wa kipindupindu hawali nyama ya utumbo wala hawatoboi ukuta. Wanatoa sumu inayoziamrisha seli za utumbo mwembamba kutupa chumvi ndani ya utumbo bila kusita, na penye chumvi maji hufuata. Maji hayo yanatoka wapi? Kwenye damu. Ule ukuta uliokuwa ukiingiza sasa unatoa, na mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Damu inapungua na kuwa nzito, moyo unakwenda mbio lakini hauna cha kusukuma, mapigo ya mkononi yanafifia mpaka hayapapasiki, macho yanazama, ngozi ikifinywa inabaki imejikunja, figo zinaacha kutengeneza mkojo. Ni ugonjwa wa mfumo wa chakula unaoua kupitia mfumo wa damu.

Dawa yake ilitoka kwenye ukuta uleule. Mwaka 1960 mwanasayansi Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba seli za utumbo zina mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Moja ikikosekana mlango haufanyi kazi. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Kumpa mgonjwa maji matupu hakumfai sana, lakini maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo yanaingia. Majaribio yaliyofanyika Dhaka mwaka 1968 yalithibitisha. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilivamia kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru watu wagawiwe maji yaliyochanganywa chumvi na glukosi, ndugu wa wagonjwa wakiwanywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4. Zile pakiti za ORS zinazotolewa zahanati ndizo hizo.

Kipindupindu kinakuja kwa kishindo, kila mtu anakiona. Kibaya zaidi kwa watoto wa Rukwa ni kile kinachokuja kimyakimya. Mtoto anayetambaa mahali penye kinyesi cha kuku, anayekunywa maji ya mto yasiyochemshwa, anaingiza vijidudu kila siku, hata kama haharishi kila siku. Vile vijitokeo vya utumbo wake vinavimba, vinafupika, vinakuwa butu. Eneo la kufyonza linapungua, na ukuta wenyewe unaanza kuvujisha vitu visivyotakiwa kuingia kwenye damu, mwili ukatumia chakula kidogo ulichopata kupigana badala ya kukua. Mama anaapa kwamba mtoto anakula, na anasema kweli. Chakula kinaingia mdomoni. Damuni kinafika kidogo. Mwenye kuzungumzia udumavu wa Rukwa kwa kuhesabu magunia ya mahindi peke yake, akaacha vyoo na visima, amehesabu nusu ya jambo.

Safura nayo inajua njia zote mbili. Mabuu ya minyoo hii hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu kwenye udongo wenye unyevu. Kutoka hapo yanaingia kwenye damu, yanapita upande wa kulia wa moyo, yanafika mapafuni, yanapanda hadi kooni, yanamezwa na kuteremka mpaka utumbo mwembamba, ambako minyoo hujishikiza ukutani na kunyonya damu. Mwanafunzi anayeweza kuichora safari hiyo bila kutazama kitabu ameshaielewa mifumo yote miwili. Mwenye minyoo mingi hupungukiwa damu, akachoka na kuhema kwa kazi ndogo. Daftari lake la mahudhurio huonyesha mapengo.

Utumbo mpana husahauliwa, na si haki. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini na kuhifadhi mabaki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu 20 tangu 1946, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Ulaya yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake wa vijijini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo: kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa takribani siku moja na nusu, kwa mabaharia wa Uingereza zaidi ya siku tatu. Burkitt aliona sababu ni makapi ya nafaka, maharage na mboga. Ufipa ina ugali wa dona. Inasikitisha kuona familia yenye dona nyumbani ikiona haya kuila, ikakoboa mahindi mpaka weupe kwa sababu sembe ndiyo ya mjini.

Kwa mzazi wa Muze, na wa kokote bondeni: mtoto akianza kuharisha apewe ORS mara moja, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, kidogokidogo kila mara. Pakiti ikikosekana, achanganyiwe vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula ni kumwongezea udhaifu. Zahanati itampa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, navyo avimalize vyote hata akionekana amepona. Akitapika kila anachopewa, macho yakizama, au akikosa mkojo, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, na aendelee kunyweshwa njiani.